Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kituoni: Mwongozo kwa Wakazi wa Kilosa na Mikumi

Kituo chochote kinacholaza watoto wilayani Kilosa kinatakiwa kuwa na karatasi mbili, na wakazi wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa taasisi yenyewe. Hiki hutundikwa ukutani kwenye fremu, mara nyingi juu ya kiti cha mkurugenzi, na mgeni akishakiona hutulia. Ya pili ni leseni ya kuendesha makao ya watoto, inayotolewa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Cheti kinathibitisha kwamba shirika lipo kisheria. Leseni inathibitisha kwamba mtu wa serikali amekagua vyumba, vyoo, jiko na watumishi, akaridhika kwamba watoto wanaweza kulala humo. Shirika linaweza kuwa na cheti halali kabisa na bado likawa linalaza watoto kinyume cha sheria.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na Msajili wake chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Bodi za wadhamini, zikiwemo za makanisa na misikiti, hupita RITA, wakala wa usajili na udhamini. Kampuni hupita BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Katika madirisha hayo matatu hakuna linalouliza kitanda kimoja wanalala watoto wangapi, au nani anashika ufunguo wa bweni la wasichana usiku. Swali hilo ni la ustawi wa jamii, na serikali imekuwa ikiliuliza kwa muda mrefu: tangu 1968 kulikuwa na sheria ya kusimamia makao ya watoto, na mwaka 1981 ikaja ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Zote mbili zilifutwa na kuingizwa ndani ya Sheria ya Mtoto, ambayo leo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata hapa.

Kwa hiyo anayeombwa mchango, anayetaka kumpeleka mtoto wa marehemu dada yake, au mwenyekiti wa kitongoji aliyeletewa barua ya kituo kipya, aanze na ombi moja la adabu: "Naomba kuona leseni ya makao." Akionyeshwa cheti cha shirika, ashukuru, kisha aombe tena. Mwenye leseni huitoa. Asiye nayo huanza hotuba kuhusu yatima.

Ofisi iko wapi, na macho yako wapi

Wilaya ya Kilosa imekaa kati ya barabara kuu mbili. Kaskazini inapita ile ya Morogoro kwenda Dodoma, kupitia Magole na Dumila. Kusini inapita ya Morogoro kwenda Iringa, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuibukia kwenye mji wa Mikumi wenye malori, nyumba za wageni na mama lishe wa usiku kucha. Kilosa mjini iko katikati, kando ya mto Mkondoa na reli ya kati, na tangu 2024 treni ya umeme inasimama hapo. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 430,000 wilayani. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya ana ofisi yake makao makuu ya halmashauri, Kilosa mjini.

Ramani hiyo inaeleza mengi zaidi kuhusu usimamizi kuliko kanuni yoyote. Afisa anayetakiwa kukagua kituo kilichoko Mikumi, kisha kingine kando ya barabara ya Dodoma, ana safari mbili zinazoelekea pande tofauti kabisa za wilaya, na mvua za masika hazimwonei huruma. Kituo kinaweza kukaguliwa leo kikang'aa, kikaja kukaguliwa tena baada ya watumishi wote kubadilika. Si lazima awepo mzembe ili hilo litokee.

Ndiyo maana sheria haikumwachia afisa peke yake. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walioko katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinamgeukia mwananchi: mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumhudumia, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka hiyo. Neno lililotumika ni wajibu. Jirani anayesema "hayo ni ya kwao" anasahau kwamba Bunge lilishamwingiza ndani.

Macho ya karibu ni ya mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwalimu mkuu na muuguzi wa zahanati. Tangu ulipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maarufu kama MTAKUWWA, wa kuanzia 2017/18, zimeundwa kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Ubora wa kamati hizi unatofautiana sana. Njia ya haraka ya kuijua iliyo hai ni kumwomba mtendaji muhtasari wa kikao chake cha mwisho. Kama upo, una tarehe, na ndani yake kituo cha jirani kimetajwa, mambo yanakwenda.

Mtoto huyu amefikaje hapa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na linazidi hata lile la leseni. Kituo chenye leseni kinaweza kupokea watoto kiholela. Kisichopokea kiholela huwa na karatasi nyuma ya kila jina.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, makao hayamchukui mtoto kwa sababu tu mjomba kaleta, au kwa sababu mchungaji kaguswa moyoni. Mtoto huingia kwa pendekezo la afisa ustawi huku shauri lake likisubiri uamuzi wa mahakama, au kwa amri ya mahakama, au pale anapokuwa yatima na hakuna ndugu wala familia ya kambo iliyopatikana kumlea. Makao ni mlango wa mwisho. Kabla yake wanatakiwa kutafutwa shangazi, babu, mama mdogo, ama familia za kuaminika zilizoandaliwa na ustawi kupokea mtoto kwa dharura.

Faili la mtoto ndilo linaloonyesha kama njia hiyo ilifuatwa. Afisa, mjumbe wa kamati au mfadhili mwenye ruhusa akifungua faili anatakiwa kukuta vitu vya kawaida kabisa: barua ya afisa ustawi yenye muhuri, nakala ya amri ya mahakama kama ipo, cheti cha kuzaliwa au maombi yake, kadi ya kliniki, shule anayosoma, majina ya ndugu na kijiji wanakoishi, tarehe ndugu walipomtembelea mara ya mwisho, na mpango wa lini atarudi nyumbani. Ukurasa wa ndugu ukiwa mtupu katika mafaili yote, hapo pana jambo. Katika nchi ambayo mtu akifa huja watu wa ukoo hadi tanga linajaa, ni vigumu kuamini kwamba watoto thelathini hawana hata mjomba mmoja.

Hapa Kilosa kuna mfano wa kujivunia. Makao ya watoto ya Berega, upande wa kaskazini wa wilaya karibu na hospitali ya Kanisa la Anglikana, yamekuwa yakipokea vichanga ambao mama zao wamefariki, wengi kwa matatizo ya uzazi. Gazeti la New York Times liliandika habari za Berega mwaka 2009, na kilichomvutia mwandishi ni utaratibu mmoja: familia inapoleta kichanga huombwa kuleta pia msichana au mwanamke wa ukoo, anayeitwa binti, akae hapo akimlea mtoto huyo. Mtoto akivuka umri wa hatari wa maziwa, anarudi kijijini akiwa na mtu anayemjua kwa harufu na kwa sauti. Kituo kinampa ndugu ujuzi wa kulea, na ukoo haupati mwanya wa kumsahau mtoto.

Utaratibu huo una gharama zake, kwa sababu binti huyo naye ana shule yake au shamba lake. Hata hivyo, ni kipimo kizuri cha kuwawekea wengine. Kituo kinachowaita ndugu karibu kina sababu ndogo ya kuficha kitu. Kinachowakataza kuja, au kinachowaambia waje mara moja kwa mwaka siku ya sherehe ya wafadhili, kijieleze.

Daftari la wageni nalo lina habari zake. Litazamwe kwa macho ya mtu anayekagua duka. Je, afisa ustawi ameandika jina lake humo mwaka huu? Je, kurasa zina mwandiko mmoja na kalamu moja kuanzia Januari hadi Juni? Daftari lililojazwa usiku mmoja kwa ajili ya ukaguzi hujulikana.

Mgeni mwenye zawadi

Mikumi ni mji wa watalii wa njiani. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, iko kwenye lami, na ni ya karibu kwa anayetoka Dar es Salaam, hivyo magari ya wageni hupita kila wiki. Baadhi huomba kusimama kwenye kituo cha yatima, wapige picha, wagawe pipi na madaftari, kisha waende kuona tembo. Wachache hurudi kama watu wa kujitolea na kukaa miezi. Walio wengi wana nia njema. Lakini mfumo wa kulinda watoto haupangwi kwa kutegemea walio wengi.

Kisa cha Bomet nchini Kenya kinatosha. Gregory Dow, Mmarekani kutoka Pennsylvania, alifungua makao ya watoto na mkewe eneo la Boito mwaka 2008, wakayaendesha kwa takriban miaka tisa. Mwaka 2017 tuhuma zilipozidi alitorokea kwao. Alikiri mahakamani Juni 2020 kuwadhalilisha kingono wasichana waliokuwa chini ya ulezi wake, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8. Kinachoumiza zaidi ni hiki: mwaka 1996, huko Iowa, alikuwa tayari ametiwa hatiani kwa shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kingono. Rekodi ilikuwepo miaka 12 kabla hajafungua geti la Boito. Hakuna aliyeiomba.

Basi iombwe. Kila anayekuja kuishi au kufanya kazi na watoto, mweupe au mweusi, padri, ustadhi au mwanafunzi wa chuo, alete hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu kutoka nchi alikotoka, kibali sahihi cha kuishi na kufanya kazi, na majina ya watu wawili wanaoweza kupigiwa simu. Simu hizo zipigwe kweli. Asiachwe peke yake na mtoto chumbani, asimpeleke mtoto hotelini hata kuogelea, asirushe picha za sura za watoto mitandaoni pamoja na hadithi za maisha yao. Mtoto aliyeandikwa kwenye ukurasa wa mtu wa Ulaya kwamba mama yake alikufa kwa ugonjwa fulani atakuja kuisoma habari hiyo akiwa na miaka 19.

Mgeni akianza kusema anataka kumchukua mtoto moja kwa moja, msomaji ajue kwamba kuasili mtoto ni shauri la Mahakama Kuu. Sheria ya 2009 ilimtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto husika kwa angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Hakuna mwenyekiti wa kijiji, mkurugenzi wa kituo wala wakili wa njiani anayeweza kufupisha hayo kwa barua. Anayemsafirisha mtoto kwa njia nyingine anaweza kujikuta akikabiliwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na barabara ya Mikumi inakwenda mbali sana kwa lori la usiku mmoja.

Mambo haya huwa magumu zaidi wakati wa maafa. Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, na maji yalipoivamia Magole na Dumila Januari 2014, maelfu ya watu walikosa makazi. Nyakati hizo wenye huruma na wenye nia nyingine huja wamevaa fulana zinazofanana. Kamati ya maafa ya kijiji ifungue orodha ya watoto walio peke yao siku ya kwanza, na asiondoke mtoto kambini bila jina la anayemchukua, kitambulisho chake na saini ya mtendaji.

Kituo kinapogeuka zahanati

Mwaka 2009 Mmarekani mwingine kijana, Renée Bach, alianzisha shirika huko Jinja, Uganda, la kuwasaidia watoto wenye utapiamlo. Lilianza na chakula, likaishia kulaza watoto mahututi, wengine wakiwekewa dripu na kuongezewa damu. Yeye hakuwa daktari wala muuguzi. Kati ya 2010 na 2015, kwa hesabu ya shirika lenyewe, watoto 105 walifia humo. Mamlaka za afya za wilaya zilikifunga kituo mwaka 2015, na kesi ya madai iliyofunguliwa na akina mama wawili ilimalizika 2020 kwa makubaliano ya fidia, bila yeye kukubali kosa. Shirika lilikuwa limesajiliwa. Tunarudi kwenye karatasi zilezile mbili: usajili wa kutoa msaada si ruhusa ya kutibu.

Kwa Kilosa mpaka ni rahisi kuuchora. Kituo cha watoto kinaweza kuwa na sanduku la huduma ya kwanza na nakala za kadi za kliniki. Mtoto akishikwa na degedege, akiharisha hadi macho yakaingia ndani, au akikataa kunyonya, anapelekwa Hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi, Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, Berega, au kituo cha afya kilicho karibu. Kituo kinachotundika dripu kionyeshe usajili wa kituo cha kutolea huduma za afya kutoka Wizara ya Afya, na majina ya wahudumu wenye leseni zao za taaluma.

Vivyo hivyo kwa waganga wa tiba asili, ambao wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2002, na kwa nyumba za waraibu wa dawa za kulevya na pombe, zile zinazoitwa soba. Familia iliyochoshwa na kijana wao huweza kumlipia mtu yeyote anayeahidi kumfungia ndani miezi sita. Kabla ya kulipa, waulize anayemtibu ni nani, akizidiwa anapelekwa hospitali gani, na kama kijana anaruhusiwa kuongea na nyumbani bila mtu kumsikiliza. Pakiwa na minyororo, hapana haja ya swali la nne. Hapo ni polisi.

Wazee na watu wenye ulemavu wana kinga nyembamba zaidi kwenye maandishi kuliko watoto. Mkoa wa Morogoro una makazi ya serikali ya wazee wasiojiweza, Fungafunga mjini Morogoro yakiwa maarufu zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa 2003, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni Namba 9 ya 2010. Maswali ni yaleyale: nani alimleta, ndugu wako wapi, nani anashika pesa zake. Kwa mzee hilo la mwisho ndilo huibua mambo, hasa kama ana pensheni au kiwanja.

Shule za bweni nazo zisisahaulike. Machi 2023 Kamishna wa Elimu, Dk. Lyabwene Mtahabwa, alitangaza kuzuia huduma ya bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hivyo shule au madrasa inayolaza mtoto wa miaka saba itaulizwa kibali hicho, hata kama chakula ni kizuri na watoto wanajua kuhifadhi.

Namna ya kutoa taarifa bila kuharibu

Mtu akiona kitu, kosa la kwanza ni kulipuka. Kundi la vijana kuvamia kituo usiku huwatisha watoto na kumpa mwenye kituo muda wa kuchoma mafaili. Kosa la pili ni kumhoji mtoto. Mtoto aliyehojiwa na jirani, kisha mwalimu, kisha mjumbe, akifika mahakamani maelezo yake yamepinda mara tatu, na wakili wa upande wa pili atashukuru. Mwache aseme alichotaka kusema, umwambie kwamba amefanya vyema kusema, kisha uandike maneno yake kama alivyoyatoa.

Simu ya haraka ni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na serikali. Hatari ikiwa ya saa hiyohiyo, ni polisi kwa 112, na kituoni uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, asiogeshwe, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na matibabu ya dharura hayasubiri PF3, fomu ya polisi.

Kwa yasiyo ya dharura, barua ina nguvu kuliko malalamiko ya kijiweni. Iandikwe kwa mtendaji wa kata, nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya, Kilosa. Iseme kilichoonekana na kusikika, si kinachohisiwa. Badala ya "watoto wananyanyaswa pale", iandikwe: "Jumanne jioni nimewaona watoto wanne, mdogo akikadiriwa miaka sita, wakibeba matofali nyuma ya jengo. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli nje. Nimewaona tena Alhamisi." Mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaomkumbusha mtu, baada ya majuma matatu ya kimya, kwamba barua haikupotea njiani. Ngazi inayofuata ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kisha mkoa, na iko pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Panaponuka rushwa, TAKUKURU wanapokea simu kwa 113. Wapo wanaoogopa kwa sababu mwenye kituo ni mtu mkubwa. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili yao.

Mfanyakazi wa ndani ya kituo ndiye shahidi bora na ndiye mwenye hofu kuliko wote. Huko Uingereza, nyumba ya Winterbourne View iliyokuwa ikiwalaza watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol ilikuwa na usajili na ilikuwa chini ya mamlaka ya ukaguzi. Muuguzi Terry Bryan aliripoti ukatili aliouona, mamlaka haikufuatilia, mpaka BBC ilipoonyesha picha za kamera ya siri mwaka 2011. Watumishi 11 walitiwa hatiani. Kwa hiyo mama mlezi wa Mikumi akija kwa mtendaji jioni, ameshika khanga yake mkononi, akasema anataka kuongea pembeni, mtendaji asimwambie aje kesho na barua ya mwajiri.

Siku kituo kinapofungwa

Watu hushangilia kufungwa kwa kituo kibovu, kisha hawaulizi watoto wamekwenda wapi. Afrika Kusini iliuliza ikiwa imechelewa. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na hospitali za Life Esidimeni, ikawahamisha wagonjwa wa akili takriban 1,700, wengi wao wakipelekwa kwenye mashirika madogo 27. Mchunguzi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alikuta kwamba leseni za mashirika yote 27 hazikuwa halali. Wengine walifikishwa bila faili wala kitambulisho, kwa hiyo waliowapokea hawakujua ni nani wala wanakunywa dawa gani. Waliokufa walifika 144. Hapo mkosaji mkubwa alikuwa serikali yenyewe, iliyokuwa na haraka ya kupunguza matumizi.

Kwa hiyo halmashauri ikitangaza kwamba kituo fulani Kilosa au Mikumi kinafungwa, wananchi na viongozi wa kata waombe mpango wa maandishi unaomtaja kila mtoto: nani anarudi kwa ndugu, nani anakwenda kwa familia ya kuaminika, nani anapelekwa makao mengine yenye leseni, na kama hakuna pengine, nani anaombewa nafasi kwenye makao ya taifa ya Kurasini, Dar es Salaam, au Kikombo, Dodoma. Ndugu wafuatwe kabla ya gari kuja. Shule ipewe taarifa ili mtoto asipoteze muhula. Mwenye kisukari, kifafa au anayetumia dawa za kila siku aondoke na dozi ya kutosha mfukoni mwa anayemsindikiza, na jina la kliniki atakayoripoti. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kwa sababu ya nafasi za viti. Faili la mtoto lipande gari moja na mtoto, nakala yake ibaki Kilosa, na baada ya mwezi mmoja afisa ustawi apige simu au afike alikopelekwa, aandike alichokikuta, atie tarehe na saini.